Nani Atamkumbuka Mama?

Siku ya tatu ya msiba wa mama, nikiwa nimekaa mkekani chini ya turubai, jirani yetu mmoja, mcha Mungu kwelikweli, aliniinamia akaniambia nisilie, kwa sababu Mungu alimpenda mama kuliko sisi tulivyompenda. Alisema kwa upole, na najua alitaka kunisaidia. Lakini neno lile lilinibana kifua. Ikiwa kupenda zaidi ndiko kuchukua, basi nilikuwa nimeshindana na Mungu kwa ajili ya mama yangu, na nilikuwa nimeshindwa. Jioni ile mama mdogo akaja, akaketi kando yangu, akavuta beseni la ndizi akaanza kumenya. Hakusema neno. Nilipoanza kulia alinisogezea pindo la kanga yake, akaendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha.

Wote wawili walikuwa Wakristo. Wote wawili waliamini ufufuo wa wafu. Kwa nini basi mmoja alinibana na mwingine akanifungulia?

Nadhani lugha yetu inalo jibu. Tunasema baada ya dhiki faraja, na maneno yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu. Dhiki katika asili yake ni wembamba, mahali finyu ambapo mtu amebanwa. Faraja ni kufunguka: mwanya, upenyo. Aliyefarijiwa amepata pa kuvutia pumzi, hata kama hakuna alichoelezwa. Maelezo ni jambo jingine, na yakija mapema mno huongeza ufinyu, maana yanamtaka mfiwa aikubali hesabu ambayo moyo wake haujaanza hata kuihesabu.

Marafiki watatu wa Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema lolote. Katika siku hizo saba walikuwa wafariji wazuri. Walipofungua vinywa kumweleza kwa nini watoto wake wamekufa ndipo walipoharibu, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Misibani tunapenda kukitaja kitabu hicho kwa tamko moja la mwanzoni, lile la Bwana anayetoa na kutwaa. Ayubu wa sura ya kwanza tunamjua sote. Yule wa sura ya tatu, anayeilaani siku aliyozaliwa, hatumkaribishi matangani, na ndiye ambaye mfiwa anamhitaji.

Tena yuko Yesu mwenyewe pale Bethania. Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Yesu alijua atakalofanya muda mfupi baadaye, na bado alilia mbele za watu. Kama tumaini la ufufuo lingekuwa sababu ya kutolia, yeye aliyekuwa nalo mkononi ndiye angekuwa wa kwanza kubaki na macho makavu. Hata Paulo, alipowaandikia Wathesalonike juu ya wapendwa wao waliolala, hakuwapiga marufuku kuhuzunika. Alitaka huzuni yao isifanane na ya watu wasio na tumaini. Tumeligeuza agizo hilo kuwa "jikaze", na tumewaumiza wengi kwa kufanya hivyo.

Lakini je, tumaini lenyewe ni la kweli, au ni moyo unaojibembeleza? Sigmund Freud, katika kitabu alichokitoa mwaka 1927, alidai kwamba mafundisho ya dini huzaliwa na matamanio ya binadamu, makongwe na yenye nguvu kuliko yote. Swali hilo lilinijia usiku mmoja baada ya wageni kuondoka, na sikulifukuza. Niliona kwamba kiu haithibitishi kuwa kisima kipo, wala haithibitishi kuwa hakipo. Ninachokiheshimu kwa Paulo ni kwamba alikwisha kukataa faraja ya uongo karne nyingi kabla ya Freud. Aliwaambia Wakorintho waziwazi: kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure, na Wakristo ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Hakukubali kusema kwamba liwe kweli, lisiwe kweli, mradi linasaidia. Aliitundika faraja yote kwenye tukio moja. Mimi naamini tukio hilo lilitokea. Siwezi kumthibitishia mtu tukio hilo kama anavyothibitishiwa uzito wa gunia kwenye mizani. Naliamini kwa ushuhuda, kama ninavyoamini mambo mengi makubwa ya maisha yangu, likiwemo hili kwamba mama alinipenda.

Kilichonitesa kuliko mazishi kilikuja mwaka wa nne. Asubuhi moja nilijaribu kukumbuka mama alivyokuwa akiniita kutoka migombani, nikaikosa sauti. Maneno nilikuwa nayo, sauti sikuwa nayo. Nilihisi amekufa mara ya pili, na safari hii amefia mikononi mwangu.

John Mbiti, padre wa Kianglikana na mwanatheolojia kutoka Ukambani, katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliyachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za falsafa yake ya wakati. Kwa mujibu wake, marehemu huendelea kuwamo katika sasa maadamu yupo mtu aliyemjua akiwa hai na bado analitaja jina lake. Mtu huyo wa mwisho akifa, marehemu naye huzama katika zamani. Wapo wanafalsafa wa Kiafrika waliombishia Mbiti juu ya aliyoyasema kuhusu wakati ujao, na wana hoja. Juu ya kumbukumbu, aliwaelewa wazee wetu. Walijua kwamba kusahauliwa ni kifo kingine, ndiyo maana wajukuu wakapewa majina ya mababu.

Ila kumbukumbu ya binadamu ni mtungi unaovuja. Mimi niliyemlilia mama nimekwisha kuipoteza sauti yake. Wanangu wanayo picha moja tu. Watakaozaliwa nao hawatakuwa na kitu. Kama kuwapo kwa mama kunategemea kichwa changu, basi amehifadhiwa mahali pabaya sana.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakuomba ateremshwe msalabani. Aliomba akumbukwe. Na katika Maandiko, Mungu anapokumbuka, jambo hutendeka: anamkumbuka Nuhu, maji yanaanza kupungua, anamkumbuka Hana, mwanamke tasa anachukua mimba. Kukumbuka kwa Mungu kuna mikono. Ufufuo, kwa jinsi ninavyouelewa sasa, ni Mungu kumkumbuka mtu mpaka mtu huyo anasimama tena. Wala hakuna siku atakayokufa yule wa mwisho anayemjua mama, kwa kuwa anayemjua hafi. Nilipolifikia wazo hilo kifua changu kilifunguka. Naweza kusahau, na mama asipotee.

Monika, mama yake Augustino, alilijua hili. Walikuwa Waafrika wa Thagaste, katika Algeria ya leo. Kwa miaka mingi alikuwa ameandaa kaburi lake kando ya mumewe, na sisi watu wa Kilimanjaro, tunaosafirisha mwili zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam ili ulazwe kihambani, kwenye shamba la ukoo, tunauelewa moyo huo bila kuelezwa. Lakini mwaka 387 ugonjwa ulimkuta Ostia, Italia, akingoja kuvuka bahari kurudi nyumbani. Akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Alipokata roho, mjukuu wake Adeodato alilia kwa sauti, wakubwa wakamnyamazisha. Augustino mwenyewe aliyazuia machozi mazishini, akiona haya, na uchungu ukamzidi maradufu. Baadaye, akiwa peke yake mbele za Mungu, aliyaachia. Katika kitabu chake, Maungamo, anawaomba wasomaji wake wamkumbuke mama yake altareni, na zaidi ya miaka 1,600 baadaye bado wanafanya hivyo.

Hata neno letu marehemu linabeba ombi hilo. Asili yake ni aliyerehemiwa. Tulilipokea kutoka kwa Waislamu, nasi Wakristo tunalitaja mahakamani na benki tunapofuatilia mirathi, bila kujua kwamba tumemwombea mtu.

Sauti ya mama haijanirudia, na siitafuti tena kwa hofu. Kila mwisho wa Oktoba, jumuiya yetu huandika majina ya marehemu ili yasomwe kwenye misa ya tarehe 2 Novemba. Jina la mama huandikwa na mama mdogo. Mwaka jana mkono wake ulitetemeka, akanipa kalamu, nikaliandika mimi.