Akiba Haiozi?

Bibi yangu wa Bungu hajui kusoma. Lakini siku za gulio alikopesha maharage na ndizi kwa watu hata ishirini, na jioni akayataja madeni yote bila kukosea: nani kalipa, nani kabakiza ngapi. Mwaka jana, asubuhi moja, aliniuliza mara tatu kama nimeshamaliza shule.

Mjomba anataka ahamie kwake Dar es Salaam, "apumzike". Mama anaogopa miteremko ya huku Usambara na moto wa mafiga. Uamuzi wameniachia mimi, eti kwa kuwa nimesoma.

Nilichosoma ni hiki. Kuna kitu wataalamu wanakiita akiba ya utambuzi: uwezo wa ubongo kuendelea na kazi zake hata ukiwa umeshaharibiwa na ugonjwa. Mwaka 1988 Robert Katzman na wenzake, nchini Marekani, waliripoti wazee ambao ubongo wao, ulipochunguzwa baada ya kifo, ulikutwa na alama za Alzheimer, ilhali enzi za uhai wao akili zao zilikuwa timamu. Siku hizi akiba hiyo hukadiriwa sana kwa miaka ya shule.

Kwa hesabu hiyo mimi nina 18, Bibi ana 0. Lakini ada yangu ilitoka kwenye maharage yale yale. Shule ni rahisi kuihesabu. Madeni ya gulio hayana cheti. Watafiti wa dimenshia wilayani Hai, Kilimanjaro, walilijua hilo, wakatengeneza kipimo kisichodai kalamu: panga njiti za kiberiti, taja wanyama, mwenyekiti wa kijiji ni nani.

Tena akiba hiyo haizuii ugonjwa, huchelewesha tu dalili zake. Ikiisha, aliyekuwa nayo nyingi mara nyingi huporomoka haraka zaidi, maana ugonjwa umeshafika mbali. Methali inasema akiba haiozi. Sawa, haiozi, ila huliwa.

Basi swali langu si Bibi amebakiwa na kiasi gani. Ni hili: tuna haki gani ya kumwondolea vitu vya mwisho vinavyoishughulisha akili yake, kwa jina la usalama? Dar atapata feni, televisheni na geti lililofungwa. Hatakuwepo wa kumdai wala wa kudaiwa.

Likizo iliyopita nilikaa naye gulioni. Alisahau bei ya maharage, nikamnong'oneza. Mteja alipoondoka akasema, "Yule kapunguza mia mbili." Nikahesabu upya. Kweli.

Nimesema abaki. Binti wa mama mdogo atahamia kwake, na moto asiwashe peke yake. Lakini najua siku akipotea njia usiku, mimi nitakuwa chuoni, kilomita nyingi kutoka hapa. Nikikosea, atakayeumia ni yeye. Ndiyo maana likizo zangu zote sasa ni za Bungu.