Matoleo ya Kinshasa

Panga ni kifaa cha shamba. Katika vilima vya Beni, huko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mkulima hutoka nalo umande haujakauka, akafyeka vichaka, akakata mkungu wa ndizi, akavuna kakao. Mpini wake hulainika kwa jasho la mkono uleule, mwaka baada ya mwaka. Jioni panga huwekwa begani na kurudi nyumbani pamoja na mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yake. Nyingine ilibuniwa na watu.

Tarehe 1 Februari 2023, katika Ubalozi wa Kitume mjini Kinshasa, kijana mdogo wa familia ya wakulima kutoka upande wa Beni alisimama mbele ya Papa Francisko, akasimulia jinsi baba yake alivyouawa mbele ya macho yake. Alipomaliza, likawekwa panga chini ya msalaba, la aina ileile iliyomuua. Wakafuata wengine waliotoka Goma, Bunia na Uvira, wakiwamo waliokatwa mikono. Kisu kikawekwa. Mkeka ukawekwa. Zikawekwa nguo kama zile wanazovaa watu wenye bunduki.

Papa alikuwa ametamani kwenda Goma mwenyewe. Mwaka 2022 goti lilimzuia, na safari ilipowadia, vita vilikuwa vimeifunga njia ya mashariki. Basi waliojeruhiwa ndio waliomwendea mzee yule aliyeketi kitini, wakavuka nchi nzima na vitu vyao.

Nimekaa sana na mkeka ule. Kwetu mkeka hutandikwa mgeni anapofika. Juu yake mtoto hulazwa, na wafiwa hukaa wakingoja kupambazuka. Mwanamke aliyeuweka, aliyetendewa ukatili, ameuona mkeka kwa namna ambayo mimi sina haki ya kuieleza. Naweza tu kunyamaza karibu naye.

Parokiani tumezoea maandamano ya matoleo: ndizi, mihogo, kuku anayepapatika mikononi mwa mama mmoja, ngoma ikilia, vigelegele vikipanda hadi darini. Tunampa Mungu vilivyo vizuri, na ni haki. Siku ile alipewa kile ambacho hakuna anayetaka kukitazama, na hakukikataa. Tangu hapo nimewaza kwamba labda sala nyingi ninazozipamba kwa maneno zinazunguka tu pembeni, zinaogopa kufika mahali panga lilipo.

Na wale watu walisema wanasamehe. Sentensi hiyo naiandika polepole. Mtoto aliyeyaona yale huipata wapi nguvu ya kulitamka neno hilo? Sidhani kwamba lilitoka kwake peke yake. Wala sitaki yeyote audai msamaha kutoka kwa aliyejeruhiwa, maana msamaha unaodaiwa ni jeraha la pili. Pale ulitolewa, kama maji yanavyochimbuka kwenye mwamba, nasi tukajikuta tumesimama karibu na chemchemi.

Vita havikukoma. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa na waasi wa M23. Aprili 21 mwaka huohuo Papa Francisko akaaga dunia. Anayeuliza sala ya siku ile Kinshasa ilisaidia nini anauliza kwa haki, na jibu la kumpa sina. Ninachojua ni kwamba mji wa Goma umekwisha kuzikwa mara nyingine. Mwaka 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulishuka hadi katikati yake, ukalimeza kanisa kuu. Watu wakarudi, wakajenga juu ya mawe meusi yaliyowaunguzia nyumba, na chukudu, zile skuta za mbao, zikaanza tena kushuka mteremko na mizigo ya viazi na makaa.

Katika miji na vijiji vya Kivu, wakimbizi wengi hawafiki kambini kabisa. Hupokelewa majumbani. Mama anasikia hodi usiku, anafungua, anakuta watu na mafurushi, watoto wamelala migongoni. Maharage yaliyo jikoni yanaongezwa maji. Bugali inagawanywa upya, vipande vinakuwa vidogo, na kila mmoja anapata. Hajui watakaa hadi lini, na unga wa kesho bado hajaupata. Bwana, mama huyo umpe unga.