Kabla ya Kubeba Bomba

Mjukuu wangu, pamba imeanza kutoa maua na wewe tayari unaniuliza upige dawa gani. Nakuomba kwanza uingie shambani mikono mitupu, asubuhi kabla jua la Bariadi halijawa kali. Usiishie miche ya kando ya njia. Katiza kutoka kona hadi kona.

Mche wa kwanza utadhani hauna kitu. Vumilia, geuza jani. Vidukari hujazana upande wa chini, na mara nyingi sisimizi wapo hapo wakilamba utamu unaotolewa na vidukari hao. Sasa tafuta mdudu wa duara, mwekundu mwenye madoa meusi. Huyo anakulindia shamba, kwani vidukari ndio chakula chake yeye na watoto wake. Mtoto hafanani na mzazi hata kidogo: ni mrefu, mweusi, ana miguu sita, na vijana wengi humponda wakimdhani adui. Inaniuma kila nikiona.

Funza wa vitumba anadai jicho kali zaidi. Yai lake ni dogo kama punje ya chumvi, hutagwa moja moja sehemu za juu za mche. Ukikuta kitumba kimetobolewa na kinyesi kimebaki tunduni, umechelewa, maana akiwa ndani dawa haimpati vizuri. Wakulima wa kilimo hai kule Meatu hupanda alizeti ndani ya pamba ili nondo wake avutiwe huko.

Shika pia jani lenyewe, uhisi vinyweleo vyake. Enzi za mkoloni watafiti wa kituo cha Ukiriguru walichagua pamba yenye manyoya kwa sababu mdudu chawa jani huishindwa. Nao walianza kwa kutazama majani.

Vitumba vikipasuka atakuja kangambili, anyonye mbegu na kuzitia nyuzi madoa, daraja la pamba lishuke. Usimsubiri shambani: mtafute chini ya mibuyu, maana mbegu za mbuyu nazo anazila.

Ukishawazoea hawa, walinzi wengine, vunjajungu na buibui, utawaona bila kuwatafuta, utashangaa walikuwa wapi siku zote. Ndipo uje uniambie umeona nani, wangapi, kwenye miche mingapi. Funza wakiwa wamewazidi walinzi, bomba lipo. Tutapiga jioni, nyuki wakisharudi mizingani.