Heshima kwa Mzee Mgonjwa

Miongoni mwa mambo tunayojivunia katika utamaduni wetu ni heshima kwa wazee. Huwaamkia, huwapisha kitini, na penye shauri la ukoo hatusemi kabla yao. Lakini heshima hiyo yafika wapi mzee anapopatwa na ugonjwa usioponyeka? Twaona kwamba hapo ndipo penye kipimo chake, na hapo ndipo aghalabu tunapopungukiwa.

Tuutazame Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Tunduma ni mji wa mpakani. Malori yaendayo Zambia hupanga foleni, na reli ya TAZARA hupita hapo. Vijana wamefuata biashara, na wazee wengi wamebaki vijijini Mbozi, Momba na Ileje, penye kahawa na mahindi. Mzee wa huko akiugua saratani, safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni ya kilomita zaidi ya 900. Watoto huuza ng'ombe, hata kahawa ingali mtini. Hufanya hivyo kwa mapenzi, na hatuwezi kuwalaumu. Ila mzee mwenyewe mara nyingi hajaulizwa. Majibu ya daktari hupewa mwana mkubwa kando ya mlango, naye huyaficha asije akamkatisha baba tamaa.

Je, kuficha huko ni heshima? Wapo wasemao kwamba kumtajia mgonjwa kifo ni kukiita. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani hofu nayo hudhoofisha. Lakini mila zile zile zimempa mzee kazi ambayo hawezi kuitimiza asipojua hali yake, nayo ni wosia: kugawa shamba, kutaja madeni, kupatanisha waliogombana, kusema azikwe wapi. Anayemficha amempokonya kazi hiyo. Hatusemi abebeshwe ukweli wote kwa siku moja. Twasema aulizwe angependa kujua kiasi gani, na jibu lake lifuatwe.

Swali hilo ni sehemu ya huduma ambayo wataalamu wetu huiita tiba shufaa. Jina limechaguliwa vema, maana shufaa ni uombezi, kumsimamia mwingine. Wengi hudhani ni tiba ya kukata tamaa, ya siku za mwisho tu. Sivyo. Hutolewa sambamba na matibabu mengine, tangu ugonjwa mzito unapotambuliwa. Tena wazee ndio waihitajio zaidi: mwenye moyo uliochoka, kisukari na magoti yanayouma hana ugonjwa mmoja wa kuondolewa, ana maisha ya kupunguziwa mateso. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba nchi wanachama ziiingize huduma hii katika mifumo yao ya afya, pamoja na ngazi ya jamii na nyumbani.

Jirani zetu wa Uganda walitangulia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya kunywa, iliyotengenezwa kwa unga na maji. Na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Wenye kuogopa uraibu wajue kuwa dawa hii, ikipimwa kwa kadiri ya maumivu na kusimamiwa vizuri, haimgeuzi mzee kuwa mlevi. Humfungia choo, basi apewe na dawa ya kulainisha. Ni jambo dogo, lakini likisahauliwa humtesa sana.

Hata hivyo, tukisema mzee auguzwe nyumbani, tuseme wazi ni nani atakayemgeuza kitandani usiku. Kwa kawaida ni mkamwana au binti, ambaye asubuhi atakwenda shambani. Nyumbani pasipofikiwa na muuguzi si tiba shufaa, ni kumtwika mwanamke mzigo na kuuita mila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja wazee miongoni mwa wale wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Wengine hao ni Taifa zima, si mkamwana peke yake.

Kwa zahanati ya kijiji, mwanzo wake si mkubwa: muuguzi aliyefunzwa, pikipiki yenye mafuta, mofini iliyofungiwa kabatini, na nusu ya saa ya kuketi na mzee, kabla mwana mkubwa hajaitwa mlangoni.