Mtu Hashuki na Cheo Chake

Riwaya nyingi za kutia moyo kuhusu watu wa makamo walioangushwa na maisha hufuata njia moja. Mhusika hupoteza kazi, ndoa au afya. Watu humdharau, naye huanza kujidharau. Kisha kurasa za mwisho humpa biashara inayostawi, mchumba mpya, au sifa kutoka kwa walewale waliomcheka. Msomaji hufarijika, lakini faraja hiyo ina kasoro. Ikiwa mhusika ameijua thamani yake kwa sababu amefanikiwa upya, basi riwaya imekubaliana na waliomdharau, kwani hata wao walishikilia kwamba mtu ni mafanikio yake. Mimi nashikilia kwamba thamani ya mtu haipotei anapoanguka, hivyo hairudishwi na kuinuka kwake. Riwaya inayotia moyo kwa kweli ni ile inayotuonyesha thamani hiyo kabla bahati haijageuka, na hata kama haitageuka kamwe.

Mwaka 1785 mwanafalsafa Immanuel Kant alitofautisha vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei hubadilishwa na kingine kinacholingana nacho. Chenye hadhi hakina badala, na mwanadamu yuko upande huo. Mwajiri hununua ujuzi na saa za mtu, na bei ya hivyo hupanda na kushuka. Umri wa makamo ndio unaotuchanganya zaidi katika jambo hili. Kwa miaka ishirini au thelathini mtu ameitwa kwa kazi yake, akasalimiwa kwa kazi yake, akakaribishwa vikaoni kwa kazi yake, hata ikiondolewa anaona ameondolewa yeye. Kijana asiye na kazi hujiambia kwamba bado hajaanza. Mzee hujiambia kwamba amekwisha kutimiza sehemu yake. Wa makamo hana hata moja ya kauli hizo mbili za kujituliza, na ndiyo maana pigo lilelile humuuma kuliko wote.

Riwaya ya Fredrik Backman wa Sweden, iliyotoka mwaka 2012 na kumhusu mtu aitwaye Ove, inaliweka swali hili wazi. Ove ana miaka 59. Mkewe, Sonja, amefariki, na kazini ameambiwa apumzike, ingawa hakuomba kupumzika. Anaamua kwamba hana sababu ya kuendelea kuishi, lakini kila mara majirani wanamkatiza. Parvaneh, mama mjamzito mzaliwa wa Iran, anataka afundishwe kuendesha gari. Kijana aliyefukuzwa na baba yake anahitaji pa kulala. Paka asiye na mwenyewe anang'ang'ania mlangoni. Polepole Ove anarudi kwa watu. Lakini zingatia kwamba hakuna alichopoteza kinachorudi: harejeshwi kazini, wala hapati mke mwingine wa kuchukua nafasi ya Sonja. Mwandishi amekataa kutumia bahati mpya kama ushahidi wa thamani ya mhusika wake.

Hapo msomaji makini atapinga: je, Ove hakuokolewa na manufaa yake? Ameona ana maana kwa sababu anajua kutengeneza vitu na kufundisha udereva. Asingejua lolote, angebaki peke yake. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limo ndani ya riwaya yenyewe. Rune, rafiki wa zamani aliyekosana na Ove kwa miaka mingi, ana maradhi ya kusahau. Hawezi kumfaa mtu yeyote, na maofisa wanataka kumpeleka katika makao ya kutunzia wagonjwa kinyume cha matakwa ya mkewe, Anita. Majirani wanasimama kumtetea, Ove akiwa mbele. Kama thamani ingekuwa sawa na manufaa, utetezi huo usingekuwa na msingi. Kumbe kuhitajiwa na watu hakukumpa Ove thamani. Kulimfumbua macho akaiona thamani aliyokuwa nayo, na akaweza kuiona kwa mwingine asiyeweza tena kuhitajiwa kwa lolote.

Wengine watasema fundisho hili ni hatari katika jamii zetu, ambako kazi huhesabiwa kuwa kipimo cha utu. Tumelelewa tukihimizwa kujitegemea, na tunaogopa kwamba anayeambiwa thamani yake haipotei ataacha kujibidiisha. Lakini hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosisitiza kwamba kila mtu awe mfanyakazi, liliwataja watu wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao nchi haijaweza kuwapatia nafasi ya kazi. Aliyeachishwa kazi bila kupenda yumo katika orodha hiyo kwa haki, wala si kwa huruma. Kuhusu uvivu, aliyepoteza imani kwamba yeye ni mtu ndiye anayelegea: hukwepa marafiki, huona haya kuomba kazi, hupokea ujira wa dhuluma kwa kudhani hastahili zaidi.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo Aristotle alilitaja zamani: hakuna atakayemwita mwenye heri mtu aliyepatwa na misiba kama ya Priam, mfalme wa Troy aliyepoteza wanawe na mji wake. Ni kweli, na riwaya inayodai kwamba hasara ni baraka tupu inawadhulumu wanaoteseka. Hadhi hailipi kodi ya nyumba wala ada ya shule. Lakini Aristotle huyohuyo aliongeza kwamba uungwana hung'aa hata katikati ya misiba, kwa yule anayeibeba kwa moyo mkuu. Heri yaweza kuvunjika pasipo thamani kuvunjika. Tukivitenganisha viwili hivyo, tunaweza kuomboleza hasara bila kumdunisha aliyepatwa nayo.

Mwandishi wa riwaya ana uwezo wa pekee hapa. Haahidi kwamba maisha ya msomaji yatanyooka, na akiahidi tusimwamini. Anachofanya ni kutuketisha kwa mamia ya kurasa mbele ya mtu asiye na cheo, mwenye hasira na asiyependeka, nasi tunamfuatilia kwa makini kabla hajafanya lolote la kusifiwa. Kwa kumsoma hivyo tumekwisha kukiri kwamba anastahili kuangaliwa. Basi tusiishie kitabuni. Jirani au ndugu aliyeanguka katika umri wa makamo asingojewe ainuke ndipo aalikwe, aulizwe rai yake na kusikilizwa. Tukingoja, tutakuwa tunauheshimu ushindi wake, na yeye mwenyewe hatujamheshimu bado.