Mtaa wa Kulea Watoto wa Nani?

Kwa miaka sita nimeendesha basi la shule, yale ya manjano, kaskazini mwa Minneapolis. Naamka saa kumi alfajiri, napasha injini moto katika baridi ambayo sitawahi kuizoea, na kufikia saa mbili asubuhi nimeshawapeleka watoto wa shule mbili. Shule ya kwanza, ukiitafuta mtandaoni, imepewa alama 9 kwa 10. Ya pili ina 4. Kutoka lango la moja hadi la nyingine ni dakika kumi na mbili, kama hakuna theluji. Nimewabeba watoto hawa wote na sijawahi kuona zile alama tano za tofauti zikipanda basi. Wote wanasahau glavu. Wote wanapigania kiti cha nyuma. Mmoja akilia, kuna mwenzake atakayehama kiti akae naye.

Namba hizo hazikuwahi kunikosesha usingizi hadi mwaka huu, mama watoto alipopata kazi katika hospitali moja huko Dallas. Mshahara ni mzuri, na baridi ya Minnesota imetuchosha wote. Tulikubaliana kuhama shule zikifungwa mwezi wa sita. Kuhama jimbo si jambo geni kwa Mkenya wa Marekani. Ukishavuka bahari, kuvuka Iowa na Oklahoma ni safari tu. Kilichotushinda ni swali dogo lililobaki: tukifika Texas, tukae mtaa gani na hawa watoto?

Nilimpigia simu ajenti mmoja wa nyumba kule. Nikamuuliza kama mzazi yeyote angeuliza: mtaa gani unafaa familia yenye watoto? Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa upole. Akasema hilo swali hawezi kulijibu, sheria inambana. Nilidhani ananitania, si nimeuliza tu kuhusu watoto? Kumbe ana sababu. Sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ilikataza kumbagua mtu kwa rangi, dini au asili yake katika kuuza na kukodisha nyumba. Ajenti kumsukuma mteja upande fulani wa mji kwa sababu ya alivyo ni kosa. Mwaka 1988 familia zenye watoto nazo zikaongezwa kwenye kinga hiyo, kwani kulikuwa na wenye nyumba waliosema waziwazi kwamba watoto hawatakiwi. Siku hizi ajenti mwangalifu hatakwambia mtaa huu ni wa familia, wala ule ni salama.

Alichofanya ni kunitumia linki. Nikaifungua, na kitu cha kwanza kunitazama kilikuwa ni zile namba. Ramani nzima ya Dallas na viunga vyake, kila shule na alama yake, kijani kwa wazuri, nyekundu kwa wabaya. Yaani ajenti amefungwa mdomo na sheria, lakini ramani inasema kila kitu, na kwa rangi.

Nairobi hatukuhitaji ramani. Nimezaliwa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Mji wa mkoloni ulikuwa umegawanywa: Wazungu vilimani, Wahindi Parklands na Ngara, sisi Eastlands. Uhuru ulipokuja rangi ikatoka mlangoni, pesa ikaingia. Hakuna sheria inayomzuia mtu wa Kaloleni kuhamia Lavington. Ni rent tu.

Na mimi nilihamishwa. Nilipofika darasa la sita, mama aliniombea nafasi kwa aunty, dada yake aliyekuwa akiishi Buruburu, nisome shule ya huko. Jirani yetu alikuwa na kijana wa rika langu, kichwa kweli kweli. Ndiye aliyenifundisha hesabu za sehemu tukiwa tumeketi kwenye ngazi ya nyumba yao. Mimi nilienda Buruburu, yeye akabaki. Mtihani ulipokuja, mimi nikapita vizuri na yeye hakupita. Sisemi maisha yake yameharibika. Ana karakana karibu na Jogoo Road, ana watoto wanne, na kila wikendi ananitumia maneno ya kunikera kuhusu mpira. Lakini ukweli ni kwamba mimi sikumzidi akili. Nilimzidi aunty. Mama yake hakuwa na dada Buruburu.

Basi jioni moja nikamwambia mama watoto kwamba sitaki kuchagua nyumba kwa kufuata ile kijani. Nikamwambia ile kijani, kwa sehemu kubwa, ni mishahara ya wazazi imevaa sare ya shule. Aliweka kikombe mezani akanitazama.

"Baba watoto, mimi nilisomea chini ya mti mpaka darasa la tatu," akasema. "Mti hauna ubaya. Lakini usije ukaniambia ulikuwa na falsafa. Mtoto wangu si bango la maandamano."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi mitatu, na bado sijapata la kulipiku. Ana haki. Mzazi anayemnyima mtoto shule nzuri ili yeye mwenyewe alale na dhamiri safi amemfanyisha mtoto kazi isiyo yake. Na sisi ni familia moja. Tukikaa mtaa wa namba 4, namba haitapanda kuwa 5 kwa ajili yetu.

Lakini kuna kitu katika hoja hiyo kinachoniwasha. Kila familia iliyo kwenye kijani imesema vivyo hivyo, na ni kweli kwa kila mmoja, na jumla yake ndiyo ile ramani.

Kuna wanafalsafa wawili, Harry Brighouse na Adam Swift, walioandika kitabu kuhusu familia mwaka 2014. Wanauliza mzazi ana ruhusa ya kumpendelea mtoto wake kiasi gani. Kumsomea mtoto hadithi kabla hajalala humpa mtoto nafasi kubwa kuliko yule asiyesomewa, lakini hakuna mwenye akili atakayekuambia uache, kwa sababu kusomeana hadithi ndiyo familia yenyewe. Kumnunulia nafasi katika shule ya wachache ni jambo jingine. Hapo si mapenzi unayompa, ni kumsogeza mbele kwenye foleni. Ninaukubali mgawanyo huo. Taabu yangu ni kwamba nyumba ni vyote viwili. Ni kitanda ambapo nitamsomea mwanangu hadithi, na pia ni tiketi ya foleni. Ukilipa rent hupewi risiti mbili.

Na Texas ndiko foleni hiyo ilikopimwa mahakamani. Mwaka 1968 wazazi wa Edgewood, eneo la Wamarekani wa asili ya Meksiko mjini San Antonio, walishtaki kwa sababu shule zao zilikuwa zikiporomoka. Shule hutegemea kodi ya nyumba na ardhi ya eneo lake. Edgewood walikuwa wamejitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, na wakapata dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, mji uleule, walijitoza senti 85 na wakapata dola 333. Maskini alijikamua zaidi akapata kidogo, kwa sababu nyumba zake hazikuwa na thamani. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 wazazi wakashindwa, majaji 5 kwa 4. Mahakama ilisema elimu si haki ya msingi inayolindwa na katiba ya nchi hiyo.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Thurgood Marshall. Mkenya anafaa kulijua jina hilo. Mwaka 1960, akiwa bado wakili, alikwenda Lancaster House, London, kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya waliokuwa wakidai katiba. Leo kifungu cha 53 cha katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kwenye karatasi tumewashinda Wamarekani. Tembea kutoka Kaloleni hadi Lavington uone karatasi inachokea wapi. Texas nao hawakukaa tu. Tangu 1993 wilaya tajiri za shule hukatwa sehemu ya kodi yao kwa ajili ya zile maskini. Pengo limepungua. Halijaisha.

Mwezi wa tatu, watoto wakiwa likizo, tulikwenda kujionea. Tulianzia Frisco, kaskazini ya Dallas. Mwaka 2000 Frisco ilikuwa na watu kama 33,000. Mwaka 2020 walikuwa 200,000. Karibu kila kitu ni kipya, hata miti. Nilikwenda nikitaka kuichukia, na sikuweza. Kwenye bustani tulikuta nyanya wa Kihindi akisukuma kigari cha mtoto, akatusalimu, akawapa wetu biskuti. Hakuwa adui wa mtu. Naye amevuka bahari kumfuata mjukuu, na mjukuu kafuata shule.

Siku iliyofuata tulikwenda Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, anakoishi binamu yangu. Nyumba za pale ni za zamani kidogo, na shule iliyo karibu naye ina 6. Tuliketi kwa gari karibu na shule hiyo saa za kutoka. Ndiyo kazi yangu, najua cha kutazama. Je, walimu wanatoka nje na watoto au wanabaki ndani? Dereva wa basi anawajua kwa majina? Mtoto aliyechelewa kuchukuliwa, nani anasimama naye? Mwalimu mmoja alisimama na kijana fulani kwa dakika ishirini na tano, wakirushiana mpira, mpaka gari likaja. Hakuna alama inayotolewa kwa dakika hizo.

Usiku tukamuuliza binti yetu, ana miaka kumi na mmoja, yeye angependa wapi. Nilitarajia aseme kwenye bwawa la kuogelea. Akauliza, "Nikishuka basi, nani atakuwa hapo?"

Huku Minnesota jibu analo. Mimi nikiwa barabarani na mama yake kazini, mama mmoja mzee kutoka Liberia, jirani yetu, humngoja kituoni kila alasiri. Hakuna aliyemwomba. Aliona mtoto anashuka peke yake, siku ya pili akatoka na koti lake. Ana ruhusa ya kumgombeza binti yangu, na huitumia. Kaloleni nilikuwa na akina mama kama huyo saba au wanane, na nikifanya ujinga Jumatatu, mama alikuwa na habari kabla sijafika nyumbani. Mtaa ule haukuwa na namba yoyote ya kujivunia. Lakini nililelewa.

Sisemi umaskini hulea vizuri. Huo ni uongo wa watu walioshiba. Kijana aliyenifundisha hesabu alikuwa na akina mama walewale wanane, na hawakumtosha. Alihitaji pia walimu na vitabu. Mtoto anahitaji vyote viwili, na jiji, la huku au la kwetu, limezoea kumlazimisha mzazi achague kimoja.

Tumeamua kukodisha Arlington kwa mwaka mmoja, dakika sita kwa miguu kutoka kwa binamu. Mama watoto ameweka masharti: kila mwisho wa muhula tutatazama daftari za watoto, si ramani, na tukiona hawasomi tutahama bila hotuba kutoka kwangu. Nimekubali. Mimi pia nina sharti langu. Nilishaapa uraia wa nchi hii, kwa hiyo nina kura. Mikutano ya bodi ya shule nitahudhuria, na kodi ya shule ikipigiwa kura nitapiga ndiyo, hata kwa ajili ya watoto wa upande wa pili wa mji ambao sitawahi kuwabeba. Nikiwa na haki ya kumtafutia mwanangu mahali pazuri, basi sina haki ya kuziba njia niliyopitia. Hapo ndipo nimefika. Sijui kama panatosha.

Wiki jana nilimwambia kijana mmoja wa ile shule ya namba 4 kwamba mwezi wa tisa hatanikuta. Ni wa darasa la pili, hukaa kiti kilicho nyuma yangu kwa sababu anaogopa wakubwa. Aliuliza naenda wapi. Nikamwambia Texas. Akafikiria, akauliza kama basi la Texas litakuwa na mtoto wa kukaa nyuma yangu.

Nikamwambia litakuwa naye. Kisha nikafungua mlango, akashuka, nikangoja mpaka aingie ndani.