Fedha ya Chama na Kinywa cha Mwanachama

Mwaka 1995, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliongoza kikao ambacho hadi leo nakikumbuka kwa haya. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa nchini Tanzania mwaka 1992. Sisi wafanyakazi wa chuo tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Mjumbe mmoja alipendekeza tuchote sehemu ya akiba yetu tumsaidie mgombea ubunge aliyeahidi kutusemea juu ya nyumba za walimu. Niliuliza kama kuna pingamizi. Ukumbi ulikuwa kimya, nami nikaandikisha: wanachama wote wameafiki.

Wiki iliyofuata mpishi wetu, mzee aliyenizidi umri, alikuja ofisini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilitoa hela ya sanda. Mbona mmeinunulia fulana za kampeni?"

Nilimjibu kwamba alikuwapo kikaoni na hakusema neno.

"Ningesemaje," akaniuliza, "na mkubwa wangu wa kazi ndiwe uliyekalia kiti?"

Sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye, nikisoma habari za sheria za uchaguzi za Marekani, niliona kuwa swali la mzee yule limewasumbua wenzetu kwa zaidi ya karne. Mwaka 1907 waliyakataza makampuni kuwachangia wagombea wa nafasi za serikali ya shirikisho. Mwaka 1943, wakati wa vita, vyama vya wafanyakazi navyo vikaingizwa katika katazo hilo, na mwaka 1947 likawa la kudumu. Hata hivyo kampuni au chama kinaruhusiwa kuanzisha mfuko wa pekee wa siasa, unaojazwa kwa michango ya hiari. Mchango wa mfuko huo kwa mgombea hauzidi dola 5,000 kwa kila uchaguzi.

Kilichonigusa ni jinsi hiari hiyo inavyolindwa. Ni marufuku kumtisha mtu kwa kazi yake ili achange. Kampuni ikitaka kuwaomba wafanyakazi wake wa kawaida, inaruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, kwa barua inayopelekwa nyumbani kwa mfanyakazi. Tena kwa utaratibu ambao mwajiri hatamjua aliyekataa kutoa. Aliyeitunga kanuni hiyo alimjua mpishi wangu.

Wapo wanaosema kwamba watu hawapotezi sauti yao kwa kuwa wamejiunga pamoja. Mwaka 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliyaruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao wenyewe katika kampeni, mradi wasishauriane na mgombea. Siidharau hoja hiyo. Mwalimu mmoja akilalamikia nyumba inayovuja hasikiki; walimu elfu husikika. Chama kisichosema ni cha nini?

Lakini chama husema kwa kinywa cha nani? Walimu wa Detroit waliuliza hivyo, na mwaka 1977 mahakama hiyo ikaamua kwamba mwalimu aweza kutozwa gharama za kumtetea kazini, ila asilazimishwe kugharamia siasa asizozikubali. Mwaka 2018 ilikwenda mbali zaidi: mtumishi wa umma asitozwe ada yoyote ya chama bila ridhaa yake.

Naona, basi, kuna dhuluma mbili tunazozichanganya. Fedha nyingi mno humwonea mpiga kura, na dawa yake ni kikomo. Fedha iliyochukuliwa bila kuulizwa mwenyewe humwonea mchangaji, hata ikiwa shilingi mia, na dawa yake ni ridhaa. Husemwa kunyamaza ni kukubali. Labda ni kweli baina ya watu walio sawa. Mbele ya mkubwa wa kazi, kunyamaza aghalabu ni woga.

Nilitaka kumrudishia mzee fungu lake kutoka mfukoni mwangu. Alikataa. "Irudishe ulikoichota, Mwalimu, na uandike daftarini."

Nilirudisha fedha yote, nikaandika. Lakini ule muhtasari wa kikao sikuusahihisha. Nadhani ungali kwenye jalada, na unasema wote waliafiki.